Biashara ya Ndizi ya Bibi

Somo yangu, Mungu amlipe kheri, alinifundisha mambo mengi wiki ile niliyowekwa ndani. Singo alinisugua mpaka ngozi ikang'aa, akanieleza namna ya kufukiza udi, namna ya kuzungumza na mavyaa, namna ya kunyamaza. Jambo moja hakunifundisha, wala simlaumu, maana yeye mwenyewe safari yake ya mbali kabisa ni Dar es Salaam: ufanye nini pale bibi mzaa mama wa mumeo anapokuwa na kilabu cha pombe.

Nimeolewa Pasua, Moshi. Kwa asiyepajua, Pasua ni mtaa wa chini, upande wa kusini wa mji, wenye joto lake na vumbi lake. Ile Kilimanjaro ya migomba na baridi mnayoiona kwenye kalenda iko juu huko. Sisi tunautazama mlima kutoka uani. Alfajiri ukitoka kutia udhu unauona wote, weupe wake kileleni, halafu ikifika saa nne umeshajifunika mawingu kama mwali.

Wiki zangu mbili za mwanzo nilikuwa nikipita kila siku penye banda moja la mabati, lina mabenchi ya mbao na ukuta uliopakwa rangi ya samawati zamani sana. Lilikuwa likinukia ndizi mbivu, harufu tamu na nzito. Ndani wazee wamekaa na makoti yao kwenye joto lile lile, wanacheka, wanabishana, mmoja anahadithia na wengine wanamkatiza. Nikapapenda kabla sijapajua. Nikasema, hawa wenzetu wana duka zuri la juisi. Siku moja jua lilipokuwa kali nikamtuma mtoto wa jirani, nikampa jagi na pesa, akaninunulie juisi ya ndizi pale. Mtoto akanitazama usoni, akautazama mtandio wangu, akaenda kumwita mavyaa.

Mavyaa akaja akakaa kitako. Akaniambia, "Mwanangu, ile si juisi. Ile ni mbege. Na mwenye kilabu kile ni mama yangu."

Mume wangu alikuwa ameniambia Bibi ana biashara ya ndizi. Sasa mtu kama huyo utamkamata kwa lipi? Ndizi zimo.

Nikacheka, kisha usiku kicheko kikakatika. Mkononi nilikuwa na bangili ya dhahabu ambayo Bibi mwenyewe alinivisha siku niliyoingia nyumba ile. Alinishika mkono mbele ya watu wote, akasema, "Karibu, mke mwenzangu," watu wakacheka, nami nikalia, kwa sababu bibi zangu wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Usiku ule nikaitazama bangili ile nikajiuliza imetoka wapi. Nikaivua. Nikaifunga kwenye leso nikaitia sandukuni.

Jumapili Bibi akapita kutoka kanisani. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono kama kawaida yake. "Bangili iko wapi?" Nikasema inanibana. Jamani, mkono wangu huu! Hata bangili ya mtoto hainibani. Bibi akautazama, akauachia taratibu, akaaga. Wiki tatu hakukanyaga kwetu.

Hapo ndipo mume wangu aliponieleza aliyopaswa kunieleza mapema. Bibi ni mtu wa Uru, huko juu. Aliolewa huko, akazaa mabinti watupu, kisha mume akafariki. Kwa mila za Wachaga kihamba hurithiwa na wanaume, na yeye hakuwa na mtoto wa kiume wa kusimama naye. Shamba likaenda kwa ndugu wa marehemu. Akateremka Pasua na watoto wake na sufuria. Alichokuwa anajua ni kupika mbege, akaipika. Ada za skuli zilitoka kwenye sufuria ile, na kodi ya chumba pia. Mavyaa alipotaka kuolewa na Muislamu na akasilimu, watu wa Uru walinuna, lakini Bibi alimwambia binti yake maneno mawili tu: nenda, usinisahau.

Nikampigia simu ustadha wangu Unguja. Nilimweleza kila kitu, hata lile jagi. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema pombe ni pombe, iwe ya ndizi iwe ya zabibu: haramu kuinywa, kuiuza, kuibeba, na Muislamu hakai penye meza inapozungushwa. Kilabuni usiende kukaa, wala usimsaidie kuuza hata siku moja. Kisha akaniuliza, "Huyo bibi anaishi kwa mbege peke yake?" Nikasema hapana, ana kuku, ana vyumba viwili vya kupangisha, anauza ndizi kweli pia. Akasema Mtume (s.a.w.) alipokea zawadi za watu wasiokuwa Waislamu, na Bi Asmaa binti Abubakar alipojiwa na mama yake ambaye hakuwa amesilimu, akauliza kama amuunge, akaamrishwa amuunge. "Bangili ile ni zawadi. Uliyoyafanya wewe si uchamungu, ni kumvunja mzee moyo na kumwambia uongo juu yake."

Mie si mwanachuoni. Aliye na suala kama langu amuulize mtu wa elimu anayeijua hali yake. Nawasimulia nililoambiwa mie.

Sasa nitaombaje radhi? Kwetu ningepeleka halwa. Mavyaa akasema halwa nzuri, lakini kwa mama yangu chukua isale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, huko juu wanaupanda mipakani mwa vihamba. Kwa Wachaga jani lile ndilo la amani. Aliyekosa akimletea isale aliyekosewa, huyo mwingine ni vigumu mno kukataa. Lipo moja kwenye uzio wetu, nilikuwa nikilimwagilia maji nikidhani ni pambo.

Nilikwenda saa moja ya asubuhi, kabla ya kilabu kufunguliwa, maana saa ile hapazungushwi kitu. Bangili mkononi, jani kwenye mkono wa kulia. Sikupita mlango wa mbele. Nilizungukia uani, nikamkuta anakoleza moto chini ya pipa. Nikasema, "Shikamoo Bibi," nikampa jani kwa mikono miwili. Yale maneno niliyoyapanga njia nzima yakapotea yote. Nikasema tu, "Bangili hainibani."

Akalipokea. Akalishikilia kitambo. Kisha akasema, "Kaa hapo, kuna moshi upande huo."

Basi nikakaa kwenye kigoda nikaona biashara ya ndizi ilivyo. Pipani ni ndizi mbivu zimemenywa, zinachemshwa kwa saa nyingi mpaka zinageuka rangi ya matofali. Zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa. Pembeni kuna ulezi uliolowekwa ukachipua, ukakaushwa, ukasagwa, ndiyo kimea, unapikwa uji. Kuna magamba ya mti unaoitwa msesewe, machungu hayo, unaweza kudhani ni dawa ya malaria. Vyote vinachanganywa, na kulala kwake usiku ndiko kunakoifanya pombe. Alinieleza kila hatua kama mama anayemfundisha binti kupika biriani, kisha akajishtukia, akasema, "Wewe hii haikuhusu, nakwambia ili ujue mumeo alikulia wapi."

Nikamuuliza wale wazee wenye makoti. Akasema wengine wao wamekuwa wakija tangu banda halijaezekwa. Huko juu, akasema, posa haisemwi bila mbege, na ndugu waliogombana hawasuluhishwi bila mbege. Kata moja huzunguka mkono kwa mkono. Walioteremka mjini kutafuta kazi hawana kihamba cha kukalia, wana benchi lake. Mmoja akikosekana siku mbili, wenzake humfuata nyumbani.

Nikamkumbuka babu yangu. Kila jioni alikuwa akienda Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, njia panda iliyopewa jina la ile sinema ya papa ya mwaka 1975. Kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, siasa, dhumna, na picha ya papa ukutani. Alipougua, wazee wa baraza ile walikuja kwetu wamefuatana, wakakaa sebuleni hawajui waseme nini. Kahawa si mbege, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini sura za wale wazee wa Pasua zilikuwa ndizo zile zile, na nilipopita pale mara ya kwanza moyo wangu ulikuwa umezijua kabla ya pua.

Yapo ambayo hayajakaa sawa. Mwezi wa kumi na mbili ukoo wote unapanda Uru, na kuna kata itakayozunguka. Mume wangu haigusi, anajulikana, lakini mie ni mgeni, nitatazamwa. Bibi amesema nisijali, mimi nitakaa naye jikoni, na atakayeniletea kata atapambana naye yeye. Mjomba mmoja ameshasema kwamba mke asiyeonja anawadharau. Na mie kila nikiona mlevi anayumba njiani jioni, akitokea upande wa banda lile, na mkewe anamsubiri mlangoni na watoto, roho inaniuma, na najua Bibi anajua. Siku nikipata ulimi wa kumwambia afunge, nitamwambia. Bado sijaupata. Namwombea kila baada ya sala, kwa jina lake.

Kwa sasa Jumamosi asubuhi, kabla hajafungua, nampelekea chupa ya kahawa ya tangawizi na hiliki kama anavyopika mama, na kipande cha halwa mtu akija kutoka Unguja. Tunakaa uani, upande usio na moshi. Juzi alikunywa vikombe vitatu, akafuta mdomo kwa khanga, akaniuliza nyumbani kwetu wanaiuza shilingi ngapi kikombe, na kama wazee wanaolewa.