Mbwa Mkubwa Chomboni

Mtu anayetaka kusafiri kwa tanga pamoja na mbwa mkubwa hana budi kufanya hesabu kwanza. Mbwa wa namna hiyo hula sana na kunywa maji mengi. Akiona kitu majini hukimbilia upande mmoja, na chombo chembamba huweza kulala ubavu. Akitoka kuogelea hujikung'uta katikati ya watu na mizigo, na unga ukalowa. Manahodha wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki walikwisha maliza hesabu hii zamani: mbwa hapandi. Wao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mahali palipoguswa na mate ya mbwa sharti paoshwe mara saba, mara moja katika hizo kwa maji yenye udongo. Udongo huo katikati ya bahari utatoka wapi?

Lakini wako watu waliofanya hesabu iyo hiyo wakapata jibu jingine, na mmojawapo ni Kapteni Meriwether Lewis wa jeshi la Marekani. Mwaka 1803 Rais Thomas Jefferson alimtuma aongoze kundi la watu kuupanda mto Missouri, kuvuka milima, na kushuka mpaka bahari ya Pasifiki. Lewis alikuwa na umri wa miaka 29. Alinunua bunduki, baruti, dawa, shanga za kuwapa wenyeji zawadi, na supu iliyokaushwa. Tena akanunua mbwa mmoja kwa dola 20. Askari wa kawaida katika safari ile alilipwa dola 5 kwa mwezi, kwa hiyo bei ya mbwa ilikuwa sawa na mshahara wa askari wa miezi minne. Mtu mwenye kutunza vitabu vya hesabu angeguna.

Mbwa huyo aliitwa Seaman, maana yake baharia, naye alikuwa wa aina ya Newfoundland, kisiwa cha wavuvi kilichoko upande wa kaskazini mashariki wa Amerika. Mbwa dume wa aina hiyo aliyekomaa huweza kuwa na uzito wa ratli 130 mpaka 150, yaani uzito wa mtu mzima. Vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi kama vya bata, na manyoya yake yana mafuta yasiyopitisha maji upesi. Wavuvi waliwafuga ili wawasaidie kuvuta nyavu na kuokoa vitu vilivyoanguka majini. Basi Lewis hakuchukua mnyama wa nchi kavu akamtia chomboni kwa nguvu. Alichukua mnyama ambaye maji ni nusu ya makao yake.

Chombo chenyewe kilikuwa mashua ya urefu wa futi 55, yenye mlingoti, tanga na makasia. Iling'oa nanga Pittsburgh tarehe 31 Agosti 1803 kuteremka mto Ohio. Mto ulikuwa umekauka mno mwaka ule, na mara nyingi watu walishuka kuisukuma mashua juu ya mawe, au wakakodi wanyama wa wakulima waikokote. Katika taabu hizo Seaman alianza kulipa nauli yake. Mwezi wa Septemba kindi wengi sana walikuwa wakiogelea kuvuka mto, na Lewis alimtuma mbwa awakamate. Seaman aliruka majini, akawaua, akawaleta chomboni mmoja mmoja. Lewis aliandika katika daftari lake kwamba kindi hao walikuwa wanono, nao wakikaangwa ni chakula kitamu. Mwezi wa Novemba mtu mmoja wa wenyeji alimtamani mbwa huyo akataka kumnunua kwa ngozi tatu za biva, mnyama wa majini mwenye meno kama patasi, ambaye ngozi yake ilikuwa mali kubwa siku zile. Lewis alikataa. Aliandika kwamba yeye mwenyewe alitoa dola 20.

Mwezi wa Aprili 1805 ile mashua kubwa ilirudishwa chini, na kundi likaendelea kwa mitumbwi miwili mikubwa na mingine midogo sita. Hapo ndipo hesabu ya mzigo ilipokuwa ngumu. Tarehe 14 Mei upepo wa ghafla ulipiga tanga la mtumbwi mweupe, uliobeba dawa, vipimo na maandishi yote ya thamani. Mshika usukani alishikwa na woga, mtumbwi ukalala ubavu ukajaa maji karibu na ukingo wake. Vitu vingi viliokolewa na Sacagawea, mama kijana wa kabila la Shoshone, aliyeketi nyuma akiviokota vilivyokuwa vikielea. Katika vyombo vya namna hiyo kila ratli ina thamani yake, na aliyepanda bila kazi ni mzigo.

Seaman hakuwa bila kazi, ila kazi yake ilikaribia kumwua. Tarehe 19 Mei askari mmoja alimpiga risasi biva akamjeruhi tu. Seaman, kama ilivyokuwa desturi yake, alijitupa mtoni kumleta. Biva akageuka akamwuma mguu wa nyuma, akakata mshipa mkubwa wa damu. Lewis alihangaika sana kuizuia damu, na jioni akaandika kwamba anaogopa mbwa wake atakufa. Hakufa.

Siku kumi baadaye kundi lilikuwa limelala ukingoni. Usiku nyati dume alivuka mto kwa kuogelea, akatokea palipofungwa mtumbwi mweupe, akaukanyaga akapita juu yake, akapanda ukingo mbio kuelekea kwenye mioto. Alipita inchi 18 tu kutoka vichwa vya watu waliolala.  Nyati akaelekea moja kwa moja kwenye hema ya wakubwa, na hapo Seaman akamkabili kwa mabweko, yule mnyama akageuza njia akapotelea gizani. Watu waliamka wakashika bunduki wakiulizana kuna nini. Mbwa ambaye juma lililopita alikuwa hoi kwa kukosa damu ndiye aliyezuia msiba.

Kitu kimojawapo kilichoharibika mtumbwini kilikuwa bunduki iliyopindwa kwa kwato, nayo ilikuwa ya York. Inafaa kusimama kidogo kwa jina hilo. York alikuwa mtu mweusi, mtumwa wa William Clark, mwenziwe Lewis katika uongozi. Alipiga kasia, aliwinda, alibeba mizigo kama wenzake wote. Waliporudi, askari walipewa mshahara maradufu na kila mmoja eka 320 za ardhi. York hakupewa hata senti moja, na alipomwomba bwana wake uhuru, Clark alimkatalia kwa miaka mingi. Ilipofika mwaka 2001 ndipo Rais Bill Clinton alipompa cheo cha heshima cha sajini, wakati ambapo mwenyewe alikuwa kaburini zamani. Daftari linaloeleza kwa huruma mguu wa mbwa uliojeruhiwa linasomeka vingine mtu akijua habari hii.

Na liko jambo jingine la ajabu. Walipovuka milima wakafika mto Columbia, watu walichoka na samaki mkavu na mizizi, wakaanza kununua mbwa kwa wenyeji ili wale nyama yao. Waliwala kwa makumi. Mwezi wa Januari 1806 Lewis aliandika kwamba anaipenda nyama ya mbwa kuliko ya paa aliyekonda. Clark yeye hakuizoea kamwe. Mwezi wa Mei mtu mmoja wa kabila la Nez Perce, kabila lisilokula mbwa, alimtupia Lewis mtoto wa mbwa karibu na sahani yake kwa kumdhihaki. Lewis alimrudishia usoni akatishia kumpiga kwa shoka. Wakati huo wote Seaman alikuwa akitembea katikati ya masufuria bila kuguswa. Kwa mbwa wasio na majina njaa ilikuwa hoja ya kutosha. Kwa Seaman hata njaa haikuthubutu kusema.

Tena si njaa tu. Tarehe 11 Aprili 1806, karibu na maporomoko ya Columbia, watu watatu walimwiba Seaman wakaondoka naye. Lewis alipopata habari alituma askari watatu, akawaagiza kwamba wezi wakikataa hata kidogo kumtoa mbwa, wapigwe risasi. Wezi walipoona wanafuatwa walimwachia wakakimbia. Safari nzima ilikuwa imeagizwa na Rais wapatane na wenyeji, na mara nyingi walivumilia wizi wa vitu bila kufyatua risasi. Lewis alikuwa amechoka na wizi huo, ni kweli; lakini kuhatarisha maisha ya watu na amani ya kundi lote kwa ajili ya mbwa ni kosa, hata kama mbwa huyo aliokoa hema. Bahati ndiyo iliyomtoa Lewis katika aibu ile, wala si busara yake.

Seaman mwenyewe alilipia safari kwa ngozi yake. Mwezi wa Julai 1805 mbegu za majani zenye ncha kama mishale zilimwingia mwilini, akawa akijiuma na kujikuna kama aliye mateswani. Tarehe 15 Julai 1806 mbu walikuwa wengi hata Lewis alikaa ndani ya chandarua robo tatu za wakati wake, na mbwa, aliyekosa chandarua, alilia kwa uchungu. Baada ya siku hiyo jina lake halionekani tena katika daftari. Tarehe 23 Septemba vyombo vilifika St. Louis.

Kwa muda mrefu hata jina lenyewe lilipotea. Mwandiko wa Lewis na wenzake ulikuwa mgumu kusomeka, na wasomaji walidhani mbwa aliitwa Scannon. Vitabu vikachapwa hivyo, na sanamu zikaandikwa hivyo. Mnamo mwaka 1985 mwanahistoria Donald Jackson alikuwa akichunguza majina ya mito ya Montana, akaona kijito ambacho Lewis alikipita tarehe 5 Julai 1806 akakiita kijito cha Seaman. Akarudi kwenye madaftari, akaangalia herufi upya, akaona kwamba yule Scannon hakuwako kamwe. Kijito hicho siku hizi huitwa Monture.