Ukurasa wa mahari tuliopeleka Ushirombo



Tovuti yetu ya maandalizi ya harusi haijaisha. Nusu ya vitufe ukivibonyeza haviendi popote, na kurasa nyingine tumezichora kwa kalamu kwenye karatasi. Hivyo hivyo tulifunga nayo safari hadi Ushirombo, makao makuu ya wilaya ya Bukombe, mkoani Geita, alikoolewa ndugu yetu. Kwa nini tusimalize kwanza? Kilichochorwa kinafutika kwa dakika moja. Kilichojengwa kinauma kukibomoa. Wala hauhitajiki mtaa mzima. Mtaalamu wa mambo haya, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo.

Tulikaa na wanawake watano sebuleni, wanaume wako msikitini kwa Ijumaa. Kanuni yake ni ngumu kwa wapenda maneno kama sisi: unampa mtu simu na kazi ya kufanya, anasema kwa sauti anachofikiri, nawe unanyamaza. Ukimwonyesha pa kubonyeza umeshaharibu.

"Singo" hakuna aliyeibonyeza, walitafuta "sendofu". Dogo hilo, tumeongeza neno.

Kubwa lilikuwa ukurasa wa mahari, wenye nafasi moja ya kujaza. Bi harusi mtarajiwa alisimama hapo, kidole juu ya kioo. "Dada, niandike ng'ombe wa baba, au cha kwangu mimi?"

Kwa Wasukuma, mahari inayotajwa ni ng'ombe wanaokwenda kwa wazazi wa binti. Suratun Nisaa, aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao wenyewe. Neno moja, mambo mawili. Mama mmoja wa makamo akasema yeye ng'ombe wake walihesabiwa, ila hakuna aliyemuuliza anataka nini. Binti akamgeukia: "Sasa mama, cha kwangu ni kipi?" Sebule ikanyamaza.

Usiku ule tulichora upya, nafasi mbili: juu "Mahari ya bi harusi, anayoitaja mwenyewe", chini "Wanachopewa wazazi". Asubuhi tukampelekea. Ya chini aliiacha wazi, akasema hiyo ni ya baba. Ya juu aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akaomba karatasi aende nayo kwa shangazi yake.

Ukurasa wa picha bado. Huo tutaupeleka kwa watano wengine baada ya Idi, inshaallah.