Swali la Mzee wa Porthmadog

Je, msomaji mpendwa, umewahi kuulizwa ugenini habari za kwenu ukakosa jibu? Mimi yalinifika Wales, Uingereza, katika mji mdogo wa bandari uitwao Porthmadog.

Juu milimani, huko Blaenau Ffestiniog, watu walichimba jiwe jeusi lipasukalo kama kurasa za kitabu, la kuezekea nyumba. Mnamo 1836 ilifunguliwa reli ya kuliteremsha hadi bandarini, kilomita 21 na ushei. Chuma na chuma haviachani hata sentimita 60! Injini haikuwapo. Mabehewa yaliyojaa yaliteremka kwa uzito wake yenyewe, watu wakishika breki, na farasi nao wakiteremka kama abiria, ndani ya behewa lao. Zamu yao ilikuwa kuyavuta matupu kupanda mlima. Injini za mvuke zilikuja 1863.

Biashara ya jiwe ilififia, na 1946 reli ikafungwa, magugu yakaota. Watu wa kujitolea, wasiolipwa hata senti, wakaanza kuifufua 1954. Kipande kimoja kilipomezwa na bwawa la umeme, walichimba njia nyingine kwa miaka 13. Blaenau walifika tena 1982.

Basi nilikuwa kando ya barabara, maana reli ya kwenda Caernarfon hukatiza mjini pamoja na magari, mara likatokea garimoshi linalovutwa na Garratt, injini iliyotoka Afrika Kusini. Magurudumu mbele, magurudumu nyuma, boila katikati. Moyo ulinipiga. Marehemu baba alikuwa faiamani wa Garratt za Mombasa hadi Nairobi, zile kubwa zilizopewa majina ya milima.

Nilipomweleza mzee mmoja wa kujitolea, alinishika mkono. "Zenu zilichoma mafuta. Baba yako aliuwashaje moto injini ikiwa baridi?"

Sikujua. Baba alizianza hadithi hizo mara ngapi pale sebuleni, nami nikiongeza sauti ya redio!

Niliporudi nilikwenda makumbusho ya reli Nairobi, iliko Garratt iitwayo Mount Gelai. Nikatazama vishikio na mabomba, nisijue kipi ni kipi.

Nimempata faiamani mstaafu huko Voi. Nilipompigia simu alicheka sana, kisha akaniambia nije na daftari, na nisichelewe.