Karatasi za Mpakani

Kazi yangu ya kwanza Tunduma ilikuwa ya steshenari: fotokopi, fomu, ankara za mawakala wa forodha. Malori ya Zambia na Kongo hupita hapa na mafaili yao, na hata baada ya kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa mwaka 2019, makaratasi hayakukoma. Ufinyanzi nilikuwa nao tangu utotoni. Bibi mzaa mama ni Mkisi wa Ikombe, jirani na Matema ziwani Nyasa, ambako wanawake hufinyanga vyungu bila gurudumu, huvirembesha kwa udongo mweupe na mwekundu, kisha huvivusha kwa mitumbwi kwenda sokoni.

Mimi nilitamani kauri. Nilipoliona kaburi la nguzo la Kunduchi, lililopachikwa vyombo vya kauri kutoka China, nilijiuliza kwa nini nchi yenye kaolini ya Pugu iendelee kuagiza vikombe vyeupe. Swali hilo bado linaniuma.

Kauri ni kaolini, feldispa na kwatzi, ikichomwa hadi nyuzi 1,280 hivi za Selsiasi. Taabu yake huanza kabla ya moto. Udongo huu haushikamani vizuri, na upepo wa kiangazi hapa kwetu ni mkavu: ukingo unakauka na kujikunja, kitako kingali kibichi, chombo kinapasuka juu ya meza.

Karatasi ndiyo iliyonifungulia njia. Mbinu hii ya kuchanganya karatasi na udongo imeenezwa tangu miaka ya 1990 na mfinyanzi Rosette Gault. Nachana karatasi nyeupe, naziloweka kwenye maji moto, nazipiga hadi ziwe kama uji, nakamua, kisha nachanganya sehemu moja ya nyuzi za karatasi hizo na sehemu tatu za rojo la kauri. Mchanganyiko nautandaza juu ya bamba la jasi linyonye maji. Nyuzi hushikilia udongo unaposinyaa. Mkono wa kikombe uliokwisha kukauka hushika kwenye kikombe kikavu kwa rojo hilohilo, jambo ambalo bibi alilikataa mpaka aliposhika kikombe mwenyewe. Wenzangu husifia karatasi ya trei za mayai. Kwa kauri nazikataa, maana hujui zimechanganywa na nini. Rojo likikaa siku nyingi hunuka. Tanuri nalo huachwa na tundu wazi mwanzoni, moshi wa karatasi utoke.

Kuchapa urembo juu ya chombo nakufanya kwa njia mbili. Ya kwanza ni gazeti: nachora juu yake kwa rojo lenye oksidi ya chuma, nasubiri rojo lipoteze mng'ao, nalaza gazeti juu ya udongo mbichi na kusugua kwa mgongo wa kijiko. Ya pili nimeitoa steshenari. Baadhi ya printa za leza hutumia tona yenye oksidi ya chuma. Picha nachapa kwenye karatasi maalumu ya kuhamishia, nailoweka, utando wake nautelezesha juu ya chombo kilichokwisha kupakwa glezi na kuchomwa, halafu nakichoma tena. Plastiki huungua, chuma huzama katika glezi na kuacha rangi ya kahawia. Kabla ya kununua printa chakavu napitisha sumaku kwenye unga wake, usipovutwa, siichukui. Wanyiha wa Mbozi waliyeyusha chuma chao wenyewe, kwa hiyo kahawia hiyo naiona ni rangi ya hapa.

Wapo wanaosema kuchapa kunaua mkono wa mfinyanzi. Sikubali. Mstari wa bibi, uliopigwa picha kwenye chungu cha maji na kupunguzwa ukatosha kikombe cha kahawa, umebaki na mtetemo wa kidole chake. Ila mstari una mwenyewe: mama wa Ikombe ambaye urembo wake nimeutumia tunapatana naye bei kabla sijawasha tanuri, na jina lake hukaa chini ya kitako, juu ya langu.