Maarifa Yanapoombewa Kibali

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha msamiati wa biashara. Niliandika ubaoni "kusafirisha bidhaa nje ya nchi", kisha nikawataka wanafunzi wazitaje bidhaa zetu. Wakataja kahawa, chai na samaki wa ziwani. Mmoja, aliyekaa karibu na dirisha, akauliza: "Mwalimu, na maarifa je? Nayo husafirishwa?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lipo swali kama hilo lililowahi kufikishwa mahakamani.

Mwaka 2011 Profesa Ron Fouchier, wa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Erasmus mjini Rotterdam, Uholanzi, alikuwa akichunguza kirusi cha mafua ya ndege kiitwacho H5N1. Kirusi hiki huangamiza kuku banda zima. Binadamu humwambukiza kwa nadra, lakini hadi wakati huo zaidi ya nusu ya wagonjwa waliothibitishwa walikuwa wamefariki. Faraja pekee ilikuwa kwamba hakikupita kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Fouchier alitaka kujua kama faraja hiyo ni ya kudumu. Alikibadilisha kirusi katika vinasaba vyake, akakipitisha kutoka mnyama hadi mnyama miongoni mwa wanyama wadogo wa jamii ya kicheche, ambao huugua mafua kwa namna inayofanana na yetu. Hatimaye kirusi kikaenea kwa njia ya hewa, kutoka kizimba kimoja hadi kingine. Wanyama walioambukizwa kwa hewa hawakufa, lakini jibu lilikuwa limepatikana, nalo liliogofya.

Orodha ya mabadiliko hayo ni kengele ya hatari kwa daktari wa mifugo: akiyaona katika sampuli zake, ajue kwamba wakati ni mfupi. Kwa mtu mwenye nia mbaya, orodha hiyo hiyo ni maelekezo. Sheria huliita jambo la namna hii "lenye matumizi mawili". Panga la mkulima na panga la mwizi hufuliwa na mhunzi mmoja.

Desemba 2011 bodi ya ushauri nchini Marekani ilipendekeza maelezo ya kina yaondolewe katika makala, wapewe tu wenye sababu ya msingi ya kuyajua. Machi 2012 ikabadili msimamo. Serikali ya Uholanzi, kwa upande wake, ilishikilia kwamba kupeleka makala kwa jarida la Marekani ni kusafirisha nje kitu kinachodhibitiwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, na kwamba ni lazima kiombewe kibali. Fouchier aliomba huku akipinga. Kibali kilitolewa mwishoni mwa Aprili, na makala ikatoka katika jarida la Science mwezi Juni 2012.

Kesi iliendelea hata baada ya hapo. Kanuni ile iliusamehe utafiti wa msingi wa kisayansi na maarifa yaliyokwisha kuwa wazi kwa umma. Mwaka 2013 mahakama ya Haarlem ilisema msamaha huo haukumhusu, kwa kuwa kazi yake ililenga matokeo mahususi ya kivitendo. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu za kiutaratibu, bila kulijibu swali lenyewe. (Wanasheria huridhika na jambo kama hilo, walimu hatuwezi.)

Nakiri kwamba mwanzoni nilimuunga mkono profesa kwa moyo wote. Kisha nikakumbuka kwamba katika nchi hiyo hiyo ya Uholanzi, Abdul Qadeer Khan, mhandisi kutoka Pakistani aliyesomea Delft, alifanya kazi Amsterdam katika kampuni iliyohusika na mitambo ya kurutubisha urani. Aliondoka mwishoni mwa mwaka 1975 akiwa na maarifa ya mitambo hiyo, na Mei 1998 Pakistani ikafanya majaribio ya mabomu yake ya nyuklia. Serikali iliyoumwa na nyoka hivyo haiwezi kulaumiwa kwa kushtuka iguswapo na unyasi.

Hata hivyo, mwanafunzi wangu, liangalie jambo hili. Kirusi alichoanza nacho Fouchier kilitoka kwa mgonjwa wa Indonesia, mwaka 2005. Indonesia hiyo hiyo iliacha kupeleka sampuli zake mwaka 2007, ikilalamika kwamba chanjo zinazotengenezwa kutokana nazo huuzwa kwa bei isiyoweza kuimudu. Kirusi ni cha kwao, wafu ni wa kwao, na maarifa yakasubiri kibali cha serikali ya Ulaya.

Januari 2017 ndege wa mwituni walikutwa wamekufa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, hapa kwetu Uganda. Kilichowaua ni H5N8, si kirusi kile cha Rotterdam bali ndugu yake. Kenya ilipiga marufuku kuku wetu. Mimi nilikuwa na kuku kumi na wawili. Niliwafungia bandani na kuwatazama kila asubuhi kwa hofu. Nilijiuliza: ile orodha ya "wenye sababu ya msingi ya kujua" ingeandikwa na nani, na daktari wa mifugo wa Entebbe angekuwamo?

Niliwapa wanafunzi zoezi: andika barua ya mtafiti anayeomba kibali kwa waziri. Yule wa dirishani hakuandika ombi. Aliandika jibu la waziri: kibali kimetolewa, kwa sharti kwamba nakala ya kwanza ipelekwe Jakarta. Nilimsahihisha upatanisho wa kisarufi mahali pawili tu.