Jirani wa Ng'ambo: Maisha ya Ukingoni mwa Mto Ruvuma

Mwezi huu twapenda kuwapeleka kusini kabisa mwa pwani yetu, mahali ambapo Mto Ruvuma waingia baharini. Wengi wameujua mto huu katika ramani tu, kuwa ni mstari uliopita kati ya Tanzania na Msumbiji. Lakini wakaao ukingoni mwake waujua kwa sura nyingine. Kwao mto ni kisima, ni shamba, ni njia. Na ng'ambo yake yupo jirani.

Ruvuma yatoka katika milima ya Matogoro, karibu na Songea, ikasafiri kiasi cha kilomita 800 mpaka baharini. Mtu atokaye Mtwara mjini kwenda Kilambo, mwendo wa kiasi cha kilomita 40, hupita katikati ya mikorosho na minazi, kisha nchi huinama na bonde la mto humfungukia. Kilambo si mji, wala si shamba tupu. Kwa kuwa hapo ni kivuko cha mpakani, wapo maofisa wa uhamiaji na wa forodha, na maduka madogo yapo. Lakini nyuma ya maduka hayo kuna kuku na mbuzi, na mwenye duka huwa na jembe lake pembeni ya mlango.

Karibu na bahari mto huwa mpana, na maji ya chumvi huingia ndani wakati wa kujaa. Maji yakipwa, mafungu ya mchanga hujitokeza mahali ambapo asubuhi mitumbwi ilielea. Kwa sababu hiyo hata pantoni, ilipokuwa ikivusha magari, ilibidi ingoje maji yajae. Mvushaji hodari ni yule ajuaye kuyasoma maji, na ilimu hiyo haikuandikwa kitabuni. Kijana huipata kwa kukaa na mzee wake katika mtumbwi.

Tena mto huu una mamba na viboko. Mwanamke mwenye akili haendi kuteka maji peke yake. Huwapitia wenziwe, wakaenda kundi zima, mmoja akiteka na mwingine akitazama. Vivyo hivyo katika mashamba ya mpunga ya bondeni: ndege wakishuka, watoto wa nyumba hii huwafukuza na katika shamba la nyumba ile. Mtu aliyekwenda porini kuchimba ming'oko, akirudi na kapu limejaa, si desturi apike na jirani asionje. Twaweza kusema kuwa mto wenyewe umekuwa mwalimu wa ujirani, kwa kuwa mtu asiye na mwenziwe hapa hana usalama.

Dini nayo iliingia katika nchi hizi za kusini kwa njia ya ujirani. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 vijiji vingi vya bara ya Lindi na Mtwara vilisilimu, wala haikuwa kwa amri ya mfalme au kwa upanga. Walikuwa walimu wadogo wa vijijini, wakulima kama wenzao, waliokaa na watu, wakazika pamoja nao, wakasomesha watoto wao juu ya mkeka. Sisi tufundishao vyuoni leo tu warithi wa watu hao.

Sasa na tumtazame jirani wa ng'ambo. Wamakonde wako huku na kule. Lugha ni moja, na ndoa zimevuka mto tangu zamani. Mpaka ni jambo la juzi. Wadachi na Wareno walipatana mwaka 1886 kuwa Ruvuma iwe mpaka wao. Mwaka 1894 Wadachi wakaichukua Kionga, iliyo kusini mwa mdomo wa mto. Mwaka 1916 Wareno wakaitwaa tena, na baada ya vita wakathibitishiwa. Wenyeji hawakuulizwa hata mara moja.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu walivuka mto kukimbia mabomu, wakapokewa. Wengine walipewa makao Rutamba, katika Lindi. Huko Naliendele, karibu na Mtwara mjini, yapo makaburi ya askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo. Ujirani wa watu wa kusini, basi, haukuwa wa maneno tu.

Lakini mtihani mwingine umetufikia. Mwaka 2017 watu wenye silaha walianza mashambulio huko Mocímboa da Praia, wakidai kupigania Uislamu. Oktoba 2020 walivuka mto, wakaingia kijiji cha Kitaya, upande wetu, wakaua na kuchoma nyumba. Machi 2021 walishambulia mji wa Palma, na watu wakakimbia, wengine wakielekea Ruvuma kama wazee wao walivyokimbia zamani. Safari hii wengi walirudishwa Msumbiji kwa njia ya Negomano, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi likaeleza wasiwasi wake.

Hatusemi kuwa ulinzi wa mpaka si haki. Waliozika watu wao Kitaya wajua thamani yake. Twasema kuwa khofu ina hatari yake, nayo ni kumfanya mtu amtazame kila atokaye ng'ambo kuwa ni adui, hata mama aliyebeba mtoto akimkimbia muuaji yule yule tumwogopaye sisi. Katika Sura An-Nisaa, Aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametuamrisha wema kwa jirani wa karibu na kwa jirani wa mbali. Mto haukutajwa kuwa ni udhuru.

Nanyi vijana, yapasa mfahamu vyema. Akija mtu na fedha na maneno matamu, akawaambia kuwa dini yataka mvuke usiku na silaha, mwulizeni: Je, wale waliotufikishia dini hii walikuja na moto au walikuja na mkeka? Someni Sura Al-Maida, Aya ya 32, mwone uzito wa kuiua nafsi moja isiyo na hatia. Kisha mwambieni mwalimu wenu na wazazi wenu, wala msilifiche jambo hilo kwa haya.

Nanyi wazazi, mtoto asiye na kazi wala chuo ndiye atafutwaye na watu hao. Mkeka wa chuo, jembe la bondeni na kasia la mvushaji ni ngome zetu. Tukiziacha zikaanguka, askari peke yao hawatatosha.

Mwenyezi Mungu awape amani watu wa kingo zote mbili za Ruvuma, na atujaalie tuwe majirani wema, wa karibu na wa mbali. Amin.