Funguo Tatu, Sanduku Moja



Kitazame kitenzi "kukopeshana". Sarufi hutufundisha kwamba kiambishi -an- huonyesha kutendeana, lakini haitwambii ni wangapi wanaotendeana. Watu wawili hukopeshana. Kikundi cha watu 25 nacho hukopeshana. Lugha imeyavika mambo mawili vazi moja, nasi tulio raia yatupasa kuyatofautisha.

Hapa Karambi tunavyo vikundi vya kuweka na kukopa. Mtindo huo ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kisha ukaenea Afrika. Fedha hutunzwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Huwaagiza wanafunzi wangu wawachore watatu hao kama nukta, na kila wawili wawaunganishe kwa mstari: hupata pembetatu. Kisha huwaagiza wachore majirani watatu ambao kila wawili huazimana jembe: hupata pembetatu ile ile. Hata hivyo, jirani mmoja akisafiri, wawili waliobaki wataendelea kuazimana. Mshika ufunguo mmoja asipofika, sanduku halifunguki. Mchoro umeificha tofauti hiyo.

Kwa sababu hiyo wanahisabati, akiwemo Mfaransa Claude Berge, waliendeleza dhana ya haipagrafu, yaani mtandao ambao kiungo kimoja huweza kuwafunga watu watatu, kumi au mia kwa pamoja. Bila dhana hiyo, kikundi cha watu 25 hugeuka mistari 300, na msiba wa watu 100 hugeuka mistari 4,950. Msiba mmoja huumeza ujirani wote.

Basi jumuiya hutambuliwaje? Kila mkusanyiko huhesabiwa kuwa kitu kimoja: kikao cha akiba, mazishi, ibada, siku ya soko la Mpondwe. Kisha hutafutwa mgawanyo wa watu ambao hauikati mikusanyiko mingi vipande viwili, na hupimwa kama watu hao hukutana pamoja kuliko ambavyo bahati tu ingewakutanisha. Si ajabu kwamba jumuiya, jamii na jamaa yana asili moja ya Kiarabu, yenye maana ya kukusanya.

Hili si zoezi la ubaoni tu. Mwezi Juni 2019, Ebola ilithibitishwa katika wilaya yetu ya Kasese, katika familia iliyokuwa imetoka Kongo, ambako ilihudhuria mazishi ya ndugu yao. Ramani ilionyesha nchi mbili. Mazishi yalionyesha ukoo mmoja. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule wana undugu wa damu na wa lugha, na mto Lhubiriha hauwatengi. Mhudumu wa afya anayeuliza tu "Ulimgusa nani?" hupata majina machache. Anayeuliza pia "Mlikusanyika wapi, na akina nani?" huwafikia wale ambao mgonjwa hakuwakumbuka, nao hupata chanjo mapema.

Kwa hiyo, msomaji wangu, utakapoulizwa jumuiya yako ni ipi, usitaje mpaka wa kijiji wala orodha ya marafiki. Andika mikusanyiko yako ya mwezi mmoja, kila mmoja kwa mstari wake, pamoja na waliohudhuria. Watazame wanaojirudia pamoja. Hao ndio watakaokujia siku ya shida, na hao ndio wa kwanza unaopaswa kuwapa habari ya hatari.